Mama, hata kanisa la huku halijapigwa plasta

Shikamoo mama, shikamoo baba. Mi mzima, ila hii baridi ya Februari jamani, navaa soksi mbili na bado miguu inaganda. Jana sikuwa na kipindi nikasema ngoja niingie San Petronio, lile kanisa kubwa la pale Piazza Maggiore hapa Bologna, Italia, ambalo kila siku nalipita tu nikiwahi basi, na ukweli niliingia kukwepa upepo.

Baba we fundi hii itakufurahisha. Mbele chini wameweka marumaru safi, mlango wa kati umechongwa Adamu na Hawa, Nuhu, wote wamo, halafu ukiinua macho kwisha habari, matofali ya kuchoma matupu mpaka juu, yametokeza meno meno yanasubiri marumaru. Wameanza kujenga 1390! Wenyeji wanasema walitaka lizidi la Mtakatifu Petro kule Roma, Papa akawajengea jengo la chuo ubavuni, miaka ya 1560, wakakosa pa kupanukia. Mi nahisi na hela zilikata, ujenzi tunaujua.

Ndani sasa, yale matao yao ya Gothic yenye ncha, dari iko zaidi ya mita 40, shingo inauma. Ila kilichonishika kiko sakafuni, mstari wa shaba wa mita 66 na kitu, aliuchora mtaalamu mmoja wa nyota na sayari anaitwa Cassini mwaka 1655. Juu darini kuna katundu, jua linapenya hapo linaanguka chini kama yai la mwanga, nikasimama na wazee wawili watatu tunalisubiri, linatambaa polepole kwenye marumaru mpaka karibu saa sita na nusu likakanyaga mstari, hapo ndo mchana kamili wa Bologna, saa ya ukutani iseme inavyotaka. Siku kwa siku linahama, kiangazi linasogea karibu na tundu, kipupwe linaenda mbali, ndo walivyokuwa wanakagua kalenda. Nikamkumbuka babu na kivuli cha mwembe wake.

Sasa mama, yule shangazi anayesema nyumba yetu Morogoro ni gofu kisa haina plasta, mwonyeshe picha nilizotuma. Hela ya mabati ya jikoni natuma mwisho wa mwezi, ya plasta msinidai kwanza.