Madaftari ya kanisa yatunzwe jamani

Mhariri salamu, naomba nafasi kidogo maana hili linaniuma. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza, alikuja huku Tabora enzi za mkoloni, sasa nimeanza kutafuta ukoo wake na nimeshangaa sana, kwao kule tangu 1538 enzi za mfalme wao Henry VIII kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, vyeti vya serikali vimekuja kuanza 1837, kwa hiyo ukirudi nyuma ya hapo tegemeo ni daftari la kanisa. Na linataka umakini, jina liliandikwa vile kasisi alivyosikia, halafu mpaka 1751 mwaka wao ulikuwa unaanza Machi 25, yaani mtoto aliyeandikwa kabatizwa Februari 1700 kwa hesabu yetu ni 1701!

Huku kwetu White Fathers, wale wamisionari Wakatoliki, walifika 1878, na madaftari yapo. Ila juzi nimeenda parokia moja kumtafuta bibi, mke wa huyo babu, nimekuta mchwa wamekula kurasa zote za mwanzo, nilitaka kulia. Naomba wahusika wapige picha kurasa zilizobaki, hata kwa simu tu, kabla mvua hazijaanza.

Msomaji wenu, Tabora