Kabla hujainunulia RAM laptopu yako

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia. Unasema laptopu inachukua dakika tano kuwaka na fundi anataka akuongezee RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Tafadhali usimlipe bado. Taa ya diski isiyopumzika, mshale unaoganda, mlio wa kukwaruza: hizo ni dalili za diski.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager ya Windows, subiri dakika mbili tatu, kisha tazama safu ya diski na ya kumbukumbu. Diski ikigota 100% huku kumbukumbu ikiwa 50 au 60, mchawi umempata. Zikijaa zote mbili, fundi ana hoja kidogo, maana RAM ikifurika mfumo huhamishia ziada diskini na kuizidishia mzigo.

Diski ya kizamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi 5400 kwa dakika, na mkono unaohangaika juu yake kutafuta data. Kila safari ya mkono huo hula milisekunde 10 au zaidi. Kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, basi mkono unashinda njiani. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachosogea, hujibu ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde 1. Kwa hiyo hata ile ya SATA, muunganisho wa zamani wa diski, inayoishia kama megabaiti 550 kwa sekunde, huifufua mashine ya miaka kumi.

Kwanza pima afya ya diski uliyo nayo kwa programu ya CrystalDiskInfo, mstari wa 05 na wa C5. 05 huhesabu sekta, yaani vipande vya diski, zilizoharibika na kubadilishwa; C5 huhesabu zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Ukikuta si sifuri, nakili picha na hati zako leo hii, faili kwa faili, ukianza na zile usizoweza kuzipata tena. Kunakili diski nzima kutaulazimisha mkono kurudia sehemu mbovu, na diski inaweza kukufia katikati ya kazi.

Kwenye kununua, kama iliyomo ni ya inchi 2.5, chukua SSD ya SATA ya ukubwa huo. Nyingi zina unene wa milimita 7, na nafasi za zamani zilikuwa 9.5, kwa hiyo ikicheza itilie kifremu cha plastiki. Ukiona nafasi ya M.2, ya kuchomekea SSD nyembamba kama kijiti, usikimbilie: M.2 ni umbo tu. Ndani yaweza kuwa SATA au NVMe, muunganisho mpya wenye kasi zaidi, na laptopu nyingine hukubali moja tu. Mwongozo wa modeli yako ndio utakaokuambia.

Ukitaka kuhamisha kila kitu kilivyo, Clonezilla ni programu ya bure ya kunakili diski, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama umejaza robo tu. Inapouliza chanzo na lengo, soma jina la modeli na ukubwa, usitegemee sda na sdb, majina ambayo programu hiyo huzipa diski. Ukizigeuza, utupu wa diski mpya utafuta faili zako zote. Mimi ningesakinisha upya. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kama mashine haina TPM 2.0, kijenzi cha usalama kinachotakiwa na Windows 11, weka Linux Mint, mfumo wa bure.

Siku ya kufungua, zima kabisa, chomoa chaji, kisha chomoa kiunganishi cha betri ndani kabla hujagusa kingine. Chora umbo la kifuniko kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali ilipotoka. Hazilingani urefu, na ndefu ikikazwa kwenye shimo la fupi huvimbisha upande wa kibodi. Diski itelezeshe ikiwa imelala, usiiinamishe. Kile kiunganishi cha plastiki huvunjika upesi.

Kabla ya kununua, nitumie picha ya lebo ya diski iliyomo na jina kamili la modeli lililo chini ya laptopu. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Wako daima.