Barua ya wazi kwa shangazi yangu anayekula perege

Shikamoo shangazi,

Swali lako la siku ile, baada ya wageni kuondoka, nimelifikiria sana. Uliuliza: kati yetu watatu, nani hasa ndiye mla mboga? Wewe huli ng'ombe, mbuzi wala kuku, ila perege unakula. Mimi sili chochote kilichochinjwa wala kuvuliwa, lakini maziwa nakunywa na mayai nakula. Mwanao yeye hagusi hata asali, na alisema mbele ya ukoo wote kwamba mimi na wewe tunajidanganya. Naandika hadharani, kwa ruhusa yako, kwa kuwa najua ubishi huu haupo kwetu Upare peke yake.

Jibu langu, kwa heshima zote: mimi na mwanao ni wala mboga, wewe bado. Samaki ni mnyama, ana damu, anavuliwa, anakufa. Sisemi hivi kukushusha. Uliacha nyama zamani, wakati hapo kijijini hakuna aliyekuelewa, na ukavumilia maneno ya watu miaka mingi. Mimi nimeikuta njia umeshaifyeka. Lakini uliniuliza, na nikikujibu kwa kukuremba nitakuwa nimekukosea adabu.

Jambo lenyewe kwangu ni la jikoni kwanza. Unakumbuka ile harusi ya Mwanga. Nilimweleza mama aliyesimamia mapishi, mapema kabisa, kwamba mimi ni mla mboga. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, anajua, ameshawahi kumpikia shangazi yangu. Sahani ilipofika ilikuwa na ndizi, na juu ya ndizi perege mzima, na kichwa chake, mchuzi umeshuka mpaka chini. Yule mama hakunidharau hata kidogo. Alichagua samaki mkubwa kuliko wote. Alikuwa amejifunza kwako kwamba wala mboga hula samaki, akatenda kama alivyofundishwa. Nilikula ndizi za pembeni ambazo mchuzi haukuzifikia, nikarudi nyumbani na njaa, na sikuwa na neno la kumwambia, maana neno langu wewe ulikuwa umeshalitumia kwa maana nyingine.

Najua utanijibu kwa habari za kanisa, na una haki, kwa sababu Wasabato, yaani Waadventista, wameishi na jambo hili kuliko watu wengi wa nchi hii. Wamishonari wao waliingia Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na kwa hiyo bibi zetu walisikia habari za kuacha nyama zamani. Utanitajia Mambo ya Walawi sura ya 11: samaki mwenye mapezi na magamba aliwe, asiye nayo asiliwe. Ndiyo maana kwako perege anaingia na kambare haingii. Sawa. Ila tazama sura hiyo hiyo, shangazi. Ng'ombe naye yumo katika walioruhusiwa, kwa kwato zake zilizopasuka na kucheua kwake. Mbuzi yumo. Sheria ile inatenganisha safi na najisi, haitenganishi nyama na mboga. Kama magamba yanamfanya perege awe mboga, basi kwato zitamfanya mbuzi awe mboga vilevile, na wewe mwenyewe hutakubali.

Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, ambaye maandiko yake umenisomea mara nyingi, alipata maono yake makubwa ya afya mwaka 1863 huko Otsego, Michigan. Hata hivyo aliendelea kula nyama mara mojamoja kwa miaka mingi baada ya hapo, na ni yeye mwenyewe aliyeandika kwamba aliiondoa kabisa mezani kwake tangu mkutano wa makambi wa kanisa huko Brighton, Australia, Januari 1894. Miaka kama 30 hiyo. Sioni aibu yoyote kwake. Naona mtu aliyekuwa njiani, na naona pia kwamba alijua tofauti ya kupunguza na kuacha, ndiyo maana akaitaja tarehe.

Mwanao alileta hoja nyingine upande wako, bila kukusudia, alipotaja utafiti wa Loma Linda, chuo kikuu cha Waadventista kule Marekani. Ni kweli. Ule utafiti mkubwa wa Waadventista wa Marekani na Kanada, wenye washiriki zaidi ya 90,000, uliwaweka wanaokula samaki katika kundi pana la wala mboga. Lakini ndani ya kundi hilo uliwagawa: wasiokula chochote cha mnyama mbali, wanaokula mayai na maziwa mbali, wanaokula samaki mbali, wanaokula nyama kwa nadra mbali. Mtafiti anayelinganisha kisukari na shinikizo la damu anahitaji makundi ya kupimia. Mpishi anahitaji kujua aweke nini kwenye sahani. Kazi hizo mbili hazifanani, na kundi linalomfaa daktari linaweza kuniletea mimi perege.

Sasa mwanao. Kwake nina maneno pia, na atayasoma hapa.

Hoja zake kuhusu mayai na maziwa ni za kweli. Kwenye mashamba makubwa ya kuku wa mayai, vifaranga vya kiume havina kazi na huuawa siku vinapoanguliwa. Ujerumani iliona jambo hilo ni zito kiasi cha kulipiga marufuku kuanzia Januari 2022. Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa naye hafugwi azeeke. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, na ile Parmigiano Reggiano ya Italia kwa kanuni zake haitengenezwi kwa namna nyingine. Jibini ya namna hiyo mimi sinunui, na nilipojua habari ya vifaranga niliacha mayai ya dukani, nikabaki na ya kuku wa nyumbani. Akiniambia bado sijafika mbali vya kutosha, namsikiliza. Akiniambia kwamba sistahili jina, hapo tunaachana, kwa sababu jina hili halijawahi kuwa na maana anayoidai.

Chama cha wala mboga cha Uingereza kilianzishwa Ramsgate tarehe 30 Septemba 1847. Siku hiyo hiyo ya kwanza watu waliokutana walikuwa hawalingani. Kulikuwa na watu wa Alcott House, shule na jumuiya iliyokuwa karibu na London, ambao waliacha hata maziwa na mayai, na kulikuwa na waumini wa kanisa la Bible Christian la Salford ambao waliacha nyama tu. Wakakubaliana kwamba sharti la wote liwe kutokula nyama ya kiumbe chochote, na kuhusu maziwa na mayai kila mtu aamue. Wangeweza kutengana asubuhi ile ile, wasingekuwa na chama. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1944, Donald Watson na wenzake waliomba nafasi kwenye jarida la chama hicho waandike habari za kuishi bila maziwa. Walipokataliwa wakaanzisha chama chao na jina lao jipya: vigani, yaani wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama. Naona walifanya jambo la kiungwana. Hawakuwanyang'anya wenzao jina, walijitafutia la kwao linalosema kila kitu. Mwanao ana jina zuri tayari. Alitumie, na sisi wengine atuachie letu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Gandhi. Kabla ya kwenda London kusomea sheria mwaka 1888, aliapa mbele ya mama yake, na aliyemwapisha alikuwa mtawa wa dini ya Kijaini, dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. Alipofika kule akakuta wala mboga wa Kiingereza wenyewe hawakubaliani nyama ni nini. Anasimulia kwamba kulikuwa na maana tatu. Wengine walisema nyama ni ya wanyama wa miguu minne na ndege, kwa hiyo samaki ruksa. Wengine walisema ni ya kiumbe chochote, samaki akiwemo, ila mayai ruksa. Na wengine wakakataza kila kitokacho kwa mnyama, mayai na maziwa pamoja. Shangazi, hao ni sisi watatu, wametajwa kwa mpangilio wetu, wewe, mimi, mwanao!

Kijana Gandhi akashawishika kidogo, akala mayai, kisha akasimama. Alijiuliza swali ambalo naona ndilo kiini cha ubishi wote huu: kiapo nilimwapia nani, na yule niliyemwapia alielewaje? Mama yake, alijua, angehesabu yai kuwa nyama. Basi akaacha mayai, na akaacha na keki na vitamutamu vyote vilivyopikwa kwa mayai, hata ndani ya mikahawa ya wala mboga wenyewe, akawa anauliza kila chakula kabla ya kukigusa. Hakusema Waingereza wale si wala mboga. Alisema tu kwamba yeye amefungwa na maana ya mama yake.

Kiapo kingine kilimtesa zaidi. Mwaka 1912, akiwa Afrika Kusini, aliacha maziwa. Mwaka 1918 akaugua vibaya India, tumbo limemmaliza, daktari akisema bila maziwa hatapona. Mkewe Kasturba akamwambia: ulipoapa ulifikiria maziwa ya ng'ombe na nyati, basi kunywa ya mbuzi. Akanywa, akapona, na akaandika waziwazi kwamba alishika herufi ya kiapo na kuipoteza roho yake. Jambo hilo lilimuuma kwa miaka mingi. Nikisoma hapo huwa nawaona watu wa nyumbani kwetu, wanaochota makande kutoka sufuria yenye mfupa wa ng'ombe, wanauweka mfupa pembeni, kisha wananiambia kwa upole, "Kula, nyama nimeitoa."

Hapo, shangazi, ndipo uchungu wangu mkubwa ulipo, kuliko habari ya jina. Makande yakipikwa usiku kucha na mfupa, hakuna punje ya mahindi isiyo na mafuta yake. Uji wa lishe mara nyingine una unga wa dagaa. Mama lishe anapakua wali maharage, kisha kwa ukarimu anaumwagia mchuzi wa nyama usiwe mkavu. Wote hawa wana nia njema. Lakini kuna wenye pesa nyingi ambao hawana udhuru huo. McDonald's walitangaza kule Marekani mwaka 1990 kwamba chipsi zao zinakaangwa kwa mafuta ya mimea, kumbe zilikuwa zimetiwa ladha ya ng'ombe. Wahindu na wala mboga waliokuwa wakizila kwa amani walishtaki mwaka 2001, na mwaka uliofuata kampuni iliomba radhi na kukubali kutoa dola milioni 10. Pesa zile hazikuondoa kilichokwisha kuliwa.

India walilitatua hili kwa alama kwenye pakiti: nukta ya kijani ndani ya mraba, maana yake chakula hakina nyama, samaki wala yai, ila maziwa yanaweza kuwemo. Serikali ilichagua mstari mmoja kati ya mingi. Mjaini wa Mombasa asiyekula kitunguu, viazi wala karoti kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na vijidudu vya udongoni, nukta ile haimtoshi. Brahmin wa Bengal, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, anayekula samaki, na wapo wengi, haimhusu. Lakini mtu akiingia dukani anajua alichoshika mkononi. Mimi nataka nijue hivyo nikiwa kwako.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukiulizwa, usiseme "mimi ni mla mboga." Sema, "Sili nyama, nala samaki." Maneno manne tu, na yule mama wa Mwanga hatakosea tena kwangu wala kwa mwingine. Imani yako haipungui, afya yako haipungui, na perege wako hatakuwa mchungu.

Desemba tukikutana Same, naomba makande yapikwe kwenye sufuria mbili. Moja iwe na mfupa, kwa ajili ya babu na wajomba, maana hao hawatabadilika na hakuna anayewalazimisha. Nyingine isiwe na mfupa wala maziwa, iungwe kwa nazi, ili mwanao na mimi tule pamoja, naye asibaki na chai ya rangi na kipande cha muhogo kama mara iliyopita. Nazi nitakuja nazo mimi kutoka Tanga. Mwiko uwe mmoja kwa kila sufuria, hilo ndilo husahaulika. Perege wako ukimkaanga, mafuta yake tafadhali yasirudi kwenye chupa.

Imebaki asali. Mwanao anasema nyuki anaibiwa, babu anasema mizinga yake inawapa nyuki makao ambayo wasingeyapata. Kwa hilo sina jibu bado, na ningependa kuwasikiliza wote wawili wakiwa wamekaa, bila kupandisha sauti.

Nisalimie wote nyumbani.

Mtoto wa kaka yako