Barua ya wazi kwa vijana wanaouliza waende lini kusoma MBA

Wanangu mlioko makazini,

Mnanijia mmoja mmoja na swali lilelile, la lini mwende kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja. Wapo walioajiriwa juzi tu, na wapo ambao mvi zimeshaanza kuchungulia. Haidhuru, maana mimi siangalii umri.

Nenda pale kazi itakapokuwa imekuzalia maswali. Aliyewahi kukabidhiwa bajeti ikamwelemea katikati ya mwaka, au kulazimika kumwachisha mtu kazi akakesha akijiuliza kama ametenda haki, akiketi kwenye somo la fedha au la uongozi anajua anachokitafuta. Aliyeunganisha moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hukariri yaleyale, akafaulu, kisha yakamtoka. Na ufundishaji wenyewe ndivyo ulivyo. Harvard, walioanzisha masomo haya mwaka 1908, hufundisha zaidi kwa mikasa ya kampuni halisi: darasa zima hubishana meneja angeamua nini. Asiye na la kuchangia hubaki kuandika ya wenzake. Hata wale wanaokubaliwa huko wakiwa bado mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, kupitia mpango uitwao 2+2, hutakiwa kwanza wakafanye kazi kwa angalau miaka 2. Chuo chenyewe kinawaambia wangoje, nanyi mna haraka ya nini?

Ila kungoja nako kuna bei yake. Ada mnaihesabu vizuri. Mshahara mtakaoukosa mkiwa darasani hamuuhesabu kabisa. Kadiri unavyopanda cheo ndivyo mshahara huo unavyokuwa mkubwa, na ndivyo miaka inayokubakia ya kuurudisha inavyopungua. Ongeza mkopo wa nyumba na watoto wa shule. Ningekuwa mimi, ningeenda kati ya mwaka wa 4 na wa 7 wa kazi, nikiwa nimeshasimamia watu au fedha, kabla majukumu hayajanifunga miguu.

Jiulize pia unakwenda kutafuta nini. Anayetaka kuhama fani kabisa, tuseme mhandisi anayetaka kuingia kwenye uwekezaji, namshauri achukue kozi ya miaka 2, kwa sababu likizo ndefu ya katikati ndiyo humpa nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na wengi huajiriwa kupitia mlango huo. Anayerudi kwenye fani yake haihitaji sana likizo hiyo. Kozi kama ya INSEAD, chuo cha biashara kilichoko Ufaransa, ya miezi 10, itamtosha.

Waliokwishapita hapo wasikate tamaa. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mwaka 1943 MBA ya watendaji, wanaosoma huku wakiendelea na kazi, na leo zimeenea. Zinachosha, siwafichi. Mwajiri akijitolea kulipa, soma mkataba hadi mstari wa mwisho: mara nyingi utatakiwa kubaki naye miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unamrudishia fedha zake.

Wapo pia wanaotaka kwenda kwa sababu bosi ni mkali. Hao nawaambia waombe uhamisho wa idara. Ni rahisi zaidi na hauna ada.

Kama bado hamjaamua, kuna jambo moja la kufanya sasa. Matokeo ya GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara huutumia kuchagua wanafunzi, hudumu miaka 5, basi ufanyeni wakati bado mna mazoea ya vitabu. Kisha kila mmoja aandike maswali ambayo kazi yake imemshinda kuyajibu. Mwenye mawili matatu aendelee na kazi, aniandikie tena mwakani. Aliyejaza ukurasa aje nao tuanze kuchagua vyuo.

Ni mimi mzee wenu.