Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Tuachieni masharti tuliyokopea

Mheshimiwa Waziri,

Nimekwisha kuiandikia ofisi yako kwa njia za kawaida, nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa na inashughulikiwa. Kwa kuwa kushughulikiwa huko hakujazaa hata mstari mmoja wa maelezo, naomba uniwie radhi kwa kuandika mbele ya watu. Kilichonisukuma ni ankara ya mwezi uliopita. Uniti ninazozipeleka kwenye gridi kutoka kwenye paneli za paa langu, ambazo tangu niunganishwe zilikuwa zikifidia uniti ninazozitumia usiku, moja kwa moja, sasa zinanunuliwa kwa nusu ya bei ninayouziwa mimi. Taarifa ya mabadiliko hayo ilichapishwa nyuma ya ankara, kwa herufi ndogo kuliko zile za onyo la kukatiwa umeme.

Utakumbuka, Mheshimiwa, kwamba ulipozindua mpango huu ulituhakikishia kuwa sola ya nyumbani itajilipa ndani ya miaka 8. Kauli hiyo ilikuwemo katika kipeperushi cha wizara yako, kando ya picha yako, na benki ilikipokea kipeperushi hicho pamoja na maombi yangu ya mkopo. Sehemu iliyobaki ya gharama ilitoka katika kiinua mgongo cha mume wangu.

Sitaki kuambiwa kwamba kasoro iko kwenye paneli, kama alivyonidokeza afisa mmoja kwa simu. Wati zinazoandikwa kwenye paneli hupimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa, adhuhuri, seli hizo hufika nyuzi 60 na kuzidi, na kwa kila nyuzi inayoongezeka juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake. Kwa hiyo saa ambayo jua ni kali kuliko zote ndiyo saa ambayo sehemu ya saba hivi ya nguvu inaweza kupotea kwa joto peke yake. Kuna vumbi, kuna kivuli cha tawi moja linaloangukia seli chache na kuzipunguzia nguvu nyingine zilizounganishwa nazo kwa mfuatano, kuna kinachopotea ndani ya nyaya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na kuna uchakavu wa takriban nusu asilimia kwa mwaka. Fundi makini huyapiga hesabu hayo yote kabla hajapanda ngazi, na wangu aliyapiga. Paneli zangu zinatoa uniti alizozikadiria, mwezi kwa mwezi, na mita yenu wenyewe ni shahidi.

Kilichobadilika ni thamani ya uniti hizo. Jua huwaka mchana, wakati nyumba iko tupu, na taa, pasi na televisheni huwashwa jioni. Kati ya kila uniti 100 ninazozalisha, natumia papo hapo kama 30, na 70 huenda kwenu. Zamani zote 100 zilikuwa na thamani ya uniti 100. Leo zile 70 zina thamani ya 35, kwa hiyo jumla yangu imeshuka hadi 65, na mfumo uliotakiwa kujilipa kwa miaka 8 sasa unahitaji zaidi ya miaka 12. Inveta, Mheshimiwa, kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Maana yake ni kwamba huenda nikalazimika kununua inveta mpya kabla ya ile ya kwanza kurudisha fedha zake, huku benki ikiendelea kudai rejesho lile lile, kwa kuwa benki haikupata taarifa kwamba miaka imerefuka.

Nilipolalamika nilishauriwa ninunue betri. Nashukuru kwa ushauri. Betri ya asidi na risasi haitakiwi kutumiwa chini ya nusu ya chaji yake mara kwa mara, na hata ikitunzwa hufa baada ya miaka michache. Ile ya lithiamu hudumu zaidi, lakini bei yake inaanzisha hesabu mpya ya kujilipa juu ya hii ambayo haijaisha. Sijui ni kiinua mgongo cha nani kitakachoilipia.

Nadhani ninajua mlikofika mpaka mkaamua hivi. Shirika la umeme linapoteza mauzo ya mchana na bado linapaswa kuwa na mitambo ya kukidhi mahitaji ya jioni, na nguzo na nyaya zina gharama zake. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini ilikuwa na uzito huo huo siku mnachapisha kipeperushi. California ilipopunguza malipo ya umeme wa mapaani mwezi Aprili 2023, waliokuwa wamekwisha kuunganishwa waliachiwa masharti yao ya zamani kwa miaka 20 tangu walipounganishwa. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ilimhakikishia mzalishaji bei yake kwa miaka 20. Hispania ilipowageukia waliokwisha kuwekeza, ilijikuta ikishtakiwa mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Sisi wenye paa moja moja hatuna mawakili wa kiwango hicho, na huenda ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuanza na sisi.

Wapya wapeni masharti mapya, wayasome, wakubali au wakatae kabla ya kutia saini. Sisi tuliounganishwa kabla ya taarifa hii tuachieni ufidiaji wa uniti kwa uniti, angalau kwa miaka ile 8 uliyoitaja mwenyewe. Na kipeperushi kile bado kipo mapokezi katika ofisi zenu, nimekiona wiki hii. Naomba kiondolewe kabla mtu mwingine hajakipeleka benki.

Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa, na safari hii naomba lisiwe la kunijulisha kwamba barua imepokelewa.

Wako kwa heshima,
Mteja wenu wa mita ya njia mbili