Shoga, sikujua kuvuka barabara

Langoni, Lamu
27 Desemba

Shoga yangu wa dhati,

Assalam alaykum. Sisi huku hatujambo, kaskazi yavuma na nguo zakauka kabla hujamaliza kuanika. Najua umenuna. Miezi minne simu zako sikupokea, na ule ujumbe wako mrefu wa sauti niliujibu kwa neno moja tu, "poa". Kesho alfajiri jamaa yetu anavuka Mokowe kupanda basi la kuja huko Malindi, basi nimeona nikuandikie ya kweli. Kwenye simu siwezi, mama yuko hapa nyuma yangu asikiliza, naye nimemwambia chuoni mambo yote ni mazuri.

Kilichonitesa kwanza si masomo, ni barabara. Usicheke. Mimi na wewe tumekulia mji wa vichochoro; tulichofunzwa ni kujibana ukutani mwenye punda akipiga kelele "Pisha!" Nairobi hakuna wa kukwambia pisha. Hosteli iko upande huu, madarasa upande wa pili, na katikati magari yanapita kama yanafukuzwa. Siku ya kwanza nilisimama pale karibu nusu saa, mhadhara wa saa mbili ukanipita. Siku ya pili nikapata ujanja: nikimwona mtu mzima anataka kuvuka, najibandika ubavuni mwake, akienda naenda, akisimama nasimama. Nikavuka hivyo wiki nzima, mpaka mama mmoja akageuka, mkoba kaukumbatia kifuani, akaniuliza, "Wewe, mbona unanifuata?" Kaniona mwizi, shoga! Na buibui langu na yote! Nikataka kujieleza, badala ya maneno yakatoka machozi. Akanitazama, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanivusha. (Kulikuwa na daraja la kupitia juu, mbele kidogo. Nililijua mwezi wa pili.)

Mama yule huuza mayai ya kuchemsha na kachumbari karibu na lango la chuo. Tangu siku ile kila asubuhi nampitia. Shikamoo yangu ya kwanza ilimchekesha, hakujua aipokee vipi. Sasa hunijibu marahaba kabla sijafungua mdomo. Huniita msichana wa Mombasa. Nimemweleza mara ngapi kwamba kutoka kwetu hadi Mombasa ni boti, kisha basi kutwa, Witu, Garsen, Malindi, ndipo ufike. Kwake yeye pwani yote ni Mombasa. Nimemwacha.

Nakwambia habari za mama huyu kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kule aliyejua kama nipo au sipo. Wakumbuka tulivyokuwa tukilalamika kwamba ukinunua rangi ya mdomo madukani pale mtaa wa Usita wa Mui, habari hufika nyumbani kabla yako? Chuoni nilimaliza siku tatu bila mtu kulitaja jina langu. Nikaumwa na homa siku mbili, nikapona, na hakuna aliyejua. Hata adhana haifiki chumbani kwetu, naitegemea simu. Kwetu msikiti mmoja ukinyamaza wa pili waanza. Usiku wa tatu ule nililala na leso ya mama usoni.

Masomo sasa. Hisabati nilijiona bingwa, wajua. Jaribio la kwanza, lile wao huliita CAT, nilipata 9 kati ya 30. Karatasi niliificha ndani ya msahafu, Mungu anisamehe, kwa kuwa ndimo pekee ambamo mwenzangu wa chumbani asingepekua. Akaiona vilevile. Yeye ametoka Bungoma, anasoma kemia, ana sauti kubwa, na akanikokota kwenye kundi lao la kusoma usiku. La pili nikapata 19. Mtihani wenyewe matokeo bado, usiniulize.

Huyo wa Bungoma ndiye aliyeniokoa na maharage pia. Pesa za mkopo zilipoingia nilijiona tajiri. Wiki ya tatu nilikuwa na shilingi 140, ikabidi nipike. Tuna koili chini ya kitanda (hairuhusiwi, nawe usimwambie mtu). Nikachemsha maharage tangu magharibi, saa nne za usiku bado ni changarawe. Nikalia tena, nikasema hata maharage yamenishinda. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, hewa huko ni nyepesi, maji huchemka yakifika kama nyuzi 94 tu, hayangoji 100 kama kwetu, ndiyo maana chakula kigumu hukawia. Kumbe si mimi! Sijui kwa nini jambo dogo vile lilinifariji kuliko nasaha zote za siku ya kupokewa wageni. Siku hizi nami namfunza Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Asema "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho, lakini hujitia kuimba.

Jana jioni nilikuwa natoka Mkomani, mzee mmoja barazani akaniita, "Wakimbilia wapi, mwanangu, kwenu kwawaka moto?" Nikasimama. Nilikuwa nimepita baraza nzima bila salamu, macho mbele, kama navuka ile barabara. Nikarudi nikawaamkia mmoja mmoja, wote saba.

Umeniuliza ile nafasi yako ya chuo ya Septemba uichukue au uiache. Mimi siwezi kukujibu hilo. Lakini ukija, njoo na sweta zito, kufuli lako mwenyewe, na sufuria ya presha. Na siku ya kwanza usivuke, nisubiri upande wa hosteli.

Halwa hii ni yako, usimpe shangazi yote. Kopo unirudishie, ni la mama.

Shogako