Tumbusi wakifa msichome haraka

Mhariri, naomba nafasi niwatetee tumbusi. Botswana 2019 walikufa 537 kwa mpigo baada ya kula mizoga ya ndovu 3 iliyotiwa sumu, maana majangili hawataki ndege wazunguke juu wakaonyesha marenja ndovu kauliwa wapi, inauma sana.

Sasa vet akipasua ndege mmoja tu akatoa ini na nyama iliyobaki tumboni, maabara inaweza kutaja sumu yenyewe, kama ni karbofurani, ile dawa ya kuua wadudu, inajulikana, na hapo kesi ina miguu kortini. KWS, shirika la wanyamapori Kenya, wana maabara yao ya ushahidi Nairobi tangu 2015. Lakini mzoga ukichomwa kabla sampuli haijachukuliwa ushahidi umekwenda, kwa hiyo jamani mpigieni renja kwanza na msiguse kwa mikono mitupu.

Msomaji, Narok